Fosfeti na moyo wa mgonjwa wa dayalisisi: mwongozo kamili wa sahani, kidonge na mashine

Bahasha ya dawa ya baba mdogo, ambaye figo zake zimeshindwa na damu yake husafishwa kwa mashine (ndiyo dayalisisi), ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1 × 3. Basi. Naye ni mtu wa nidhamu, akaigawa siku kwa saa nane nane kama tulivyozoea na dawa za vidonda: saa kumi na mbili alfajiri, saa nane mchana, saa nne usiku. Chai yake hunywa saa tatu. Cha mchana anakula saa tisa na nusu akifunga duka, cha usiku saa moja. Kwa miezi minne vidonge vile vya kunasa fosfeti, madini yatokanayo na chakula, viliingia tumboni vikakuta chakula ama hakijafika, ama kimeshapita, na fosfeti yake ya damuni ikapanda hadi 2.6 mmol/L.

“Si wameandika moja mara tatu, mwanangu?” aliniuliza nilipohoji.

Wameandika, baba. Ila hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii haifanyi kazi kwenye damu. Kazi yake iko kwenye chakula: inakutana na fosfeti tumboni na kwenye utumbo, inaikamata, na vyote viwili vinatoka chooni. Isipokutana na chakula, umemeza chokaa tu. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wanaopika, wanaonunua dawa na wanaosubiri kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, kwa sababu mara nyingi sisi ndio tunaoharibu au kutengeneza.

Fosfeti inaufanyaje moyo

Figo nzima hutoa fosfeti kwenye mkojo mchana na usiku. Zikishindwa, fosfeti ya chakula inabaki mwilini. Wengi tumeambiwa kwamba inaungana na kalsiamu na kuganda kwenye mishipa kama ukoko kwenye birika. Ni kweli, lakini nusu tu. Seli za misuli zilizo kwenye kuta za mishipa, zikikaa muda mrefu kwenye fosfeti nyingi, huanza kubadilika na kufanya kazi ya seli za mfupa. Yaani mshipa unajijengea mfupa wenyewe. Ule uliokuwa ukitanuka kila pigo la moyo unakuwa mgumu kama bomba, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, chumba chake cha kushoto kinanenepa, na valvu, yaani milango ya moyo, zinakakamaa. Kuna pia homoni iitwayo FGF23, ambayo mifupa huimwaga kwa wingi ikijaribu kuzisukuma figo zitoe fosfeti. Figo hazisikii tena, na homoni hiyo yenyewe imeonekana kunenepesha misuli ya moyo.

Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua wagonjwa wa dayalisisi kuliko kitu kingine. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliochambua taarifa za wagonjwa wa dayalisisi zaidi ya 6,000 waliona kwamba wenye fosfeti zaidi ya 6.5 mg/dL walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wengine kwa asilimia 27. Niseme na upande wa pili: huo ni ushahidi wa kufuatilia watu. Haumaanishi kwamba kila kidonge kinaongeza miaka. Ndiyo maana sipendi mpango wa vidonge peke yake. Sahani, kidonge na mashine vinafanya kazi pamoja, kimoja kikilegea vingine viwili havitoshi.

Hatua ya kwanza: ijue namba yako na kipimo chake

Kwenye karatasi ya maabara tafuta PO4 au P. Maabara nyingine hutumia mmol/L, nyingine mg/dL, na ukizichanganya utashtuka bure au utatulia bure. Zidisha mmol/L kwa 3.1 upate mg/dL. Mtu mwenye figo nzima huwa kati ya 0.8 na 1.45 mmol/L hivi, sawa na 2.5 hadi 4.5 mg/dL. Kwa mgonjwa wa dayalisisi vituo vingi huridhika ikiwa chini ya 1.78 mmol/L, yaani 5.5 mg/dL, na mwelekeo ni kuisogeza karibu na ya kawaida kadiri inavyowezekana.

Damu ichukuliwe kabla ya mashine kuanza, na kila mara siku ileile ya wiki. Ya baada ya mapumziko marefu huwa juu kuliko ya katikati ya wiki, kwa hiyo kulinganisha ya Jumatatu na ya Alhamisi ni kujidanganya. Miongozo ya kimataifa inataka fosfeti na kalsiamu vipimwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, na homoni ya paratiroidi (PTH), itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, kila miezi mitatu hadi sita. Nunua daftari la kaunta, uchore safu tano: tarehe, fosfeti, kalsiamu, PTH, saa alizokaa kwenye mashine. Namba moja haina maana sana. Tatu zinazofuatana ndizo zinazoonyesha njia.

Usisubiri dalili. Kuwashwa mwili na macho mekundu huja kwa baadhi ya watu, lakini mishipa hukakamaa kimyakimya. Unaweza kumwuliza daktari kama mgonjwa anafaa kupigwa eksirei ya tumbo kwa ubavu, ambayo huonyesha mshipa mkuu ukiwa umeota chokaa, na eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) kwa ajili ya valvu. Si vipimo vya ajabu, hospitali nyingi za mkoa zina mashine hizo.

Hatua ya pili: piga hesabu ya wiki

Hapa ndipo mambo yalipofunguka kwangu. Namba ni za makadirio, ila zinatosha kufanyia uamuzi.

Mtu anayekula chakula cha kawaida hupata takriban miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, wengine zaidi (fosforasi ndiyo madini yaliyo ndani ya fosfeti, na vyakula hupimwa kwa hiyo). Tuseme utumbo unanyonya asilimia 60, yaani 600. Kwa wiki ni 4,200. Mashine ya saa nne hutoa karibu 800 kwa kila kipindi. Anayekwenda mara tatu anatoa 2,400. Anayekwenda mara mbili, kama wengi wetu kwa sababu ya gharama, anatoa 1,600. Wa mara mbili ana deni la 2,600 kila wiki.

Sasa vidonge. Kidonge cha kalsiamu kaboneti chenye kalsiamu halisi miligramu 500 hunasa fosforasi miligramu 45 hadi 50, kikikutana na chakula. Vitatu kwa siku ni kama 945 kwa wiki. Deni linabaki zaidi ya 1,600. “Basi tuongeze vidonge,” alisema shangazi. Hapana. Vitatu tayari vimefika gramu moja na nusu ya kalsiamu kwa siku, na huo ndio umekuwa ukomo kwa dawa hizi kwa muda mrefu, kwa kuwa kalsiamu ikizidi nayo inakwenda kukaa kwenye mishipa ileile tunayoilinda.

Rudi kwenye sahani. Shusha 1,000 iwe 850, na chagua vyakula ambavyo fosforasi yake hainyonywi sana ili asilimia 60 iwe 50. Inayoingia kwa wiki inakuwa karibu 2,975. Toa 1,600 za mashine, toa 945 za vidonge: limebaki 430. Kwa wa mara tatu deni linaisha na chenji inabaki. Hakuna aliyelala njaa. Na kama mgonjwa bado anapata mkojo, hata kikombe kimoja kwa siku, huo unabeba sehemu ya mzigo. Ulindeni: msimpe diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake bila daktari kujua.

Hatua ya tatu: kidonge kiende na sahani

Kalsiamu kaboneti hutafunwa au kumezwa na tonge za mwanzo. Sevelama, dawa nyingine ya kunasa fosfeti, humezwa kizima, katikati ya kula. Lanthanamu, nayo ya kunasa fosfeti, lazima itafunwe mpaka iwe unga, isimezwe nzima. Usipokula, usimeze. Ukisahau ukakumbuka saa mbili baadaye, liache lipite, usifidie mlo ujao.

Vidonge vifuate ukubwa wa mlo. Chai ya rangi na kipande cha muhogo haina fosfeti ya kutisha, wali na samaki ndiyo mlo wenyewe. Kwa idhini ya daktari, kidonge kimoja cha baba mdogo kilihamishwa kutoka asubuhi kwenda mchana: hakuna asubuhi, viwili mchana, kimoja usiku. Dawa ileile, idadi ileile. Baada ya wiki sita namba ilishuka kutoka 2.6 hadi 2.0 kabla hatujagusa chakula.

Dawa hizi hunasa vitu vingine pia. Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini, pamoja na vidonge vya madini ya chuma, vipishane nazo kwa saa mbili au zaidi, na dawa ya tezi ya thairoidi ya shingoni kwa saa nne. Omeprazoli hupunguza tindikali ya tumbo, na kalsiamu kaboneti inaihitaji tindikali hiyo ili iyeyuke, hivyo mwambie daktari kama mgonjwa anatumia zote mbili. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu msijinunulie dukani. Aluminiamu hujilimbikiza kwenye mifupa na ubongo wa asiye na figo. Na akiandikiwa dawa ya kusafisha utumbo, uliza kwanza kama ina sodiamu fosfeti. Kama ina, si yake.

Vidonge vya kalsiamu na sevelama hufunga choo. Usiache dawa kimya kwa sababu hiyo, sema, kuna dawa salama za kulainisha.

Hatua ya nne: anza na fosfeti ya kiwandani

Watu wengi wakisikia fosfeti wanakimbilia kumnyima mgonjwa maharage. Ni kuanza pasipostahili. Fosforasi ya maharage, mahindi na ulezi imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti, na utumbo wa binadamu hauwezi kuifungua vizuri, kwa hiyo inanyonywa chini ya nusu. Ya nyama, samaki na maziwa inanyonywa zaidi, kama nusu au juu kidogo. Lakini ile inayoongezwa kiwandani ni chumvi tupu isiyofungwa na chochote, inaingia damuni karibu yote.

Iko wapi? Soda nyeusi za kola. Soseji, na zile smoki za barabarani wanazopasua na kujaza kachumbari. Jibini ya vipande. Krima ya unga ya kahawa, pamoja na vile vipakiti vya kahawa, maziwa na sukari kwa pamoja. Baadhi ya kuku na kamba wa friza waliolowekwa maji ya chumvi na fosfeti ili wawe wazito. Unga wa kuumulia wa kopo, ule tunaouita bekingi pauda. Maandazi ya hamira hayana shida hiyo, na kusema kweli ni matamu zaidi.

Pakiti haiandiki ni miligramu ngapi. Geuza upande wa viambato, utafute herufi PHOS ndani ya neno lolote, au namba E338 hadi E343 na E450 hadi E452. Ukiziona, rudisha rafuni. Nilikaa dukani nusu saa siku ya kwanza, mlinzi akanifuata. Siku hizi dakika mbili.

Hatua ya tano: jikoni

Kabla ya yote, ondoeni wazo kwamba mgonjwa wa figo hali nyama. Kabla ya dayalisisi daktari huenda alisema apunguze. Akishaingia kwenye mashine mambo yanageuka, anahitaji protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kwani mashine inachukua na zake. Mwenye kilo 60 anataka gramu 60 hadi 72 kila siku. Ukiona fosfeti imeshuka ghafla na mgonjwa amekonda, hiyo si habari njema, hali chakula. Mwambie muuguzi.

Kwa hiyo tunatafuta protini nyingi yenye fosfeti kidogo, na bingwa hapo ni ute wa yai. Yai zima lina kama miligramu 95, ute peke yake haufiki 10, fosfeti karibu yote imekaa kwenye kiini. Baba mdogo hukaangiwa yai moja zima na ute wa mawili mengine, kitunguu na hoho. Viini vinakwenda kwa wajukuu.

Nyama: kata vipande vidogo, chemsha nusu saa kwenye maji mengi, mwaga yale maji, kisha unga au kaanga. Fosfeti inapungua kwa theluthi hadi nusu, potasiamu nayo inapungua, protini inabaki karibu yote. Najua ninachoomba. Maji yale kwetu yanaitwa supu, na kuyamwaga kwenye karo mbele ya mzee aliyekulia Tanga kunataka moyo. Wiki ya kwanza alikuja jikoni akasimama mlangoni, akatazama, akaondoka bila kusema kitu. Tuliifanya nyama iwe ya ukwaju, tangawizi na pilipili manga, chumvi kidogo, akaridhika. Maini, figo na firigisi ziwe nadra.

Dagaa wakavu ndio mtego mkubwa, omena kwa Wakenya. Analiwa pamoja na mifupa na kichwa chake, na amekaushwa, kwa hiyo gramu 100 zake zina fosforasi zaidi ya miligramu 1,000, mzigo wa siku nzima kwenye bakuli moja. Samaki mbichi mkubwa aliyetolewa miiba, sato au changu, ana kama 200 kwa uzito huo.

Maharage: loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, yamwage pia, ndipo uunge. Usitie magadi ili yaive haraka, yana sodiamu inayoleta kiu, na kiu inaleta maji mwilini. Kikombe kimoja cha yaliyopikwa mara mbili kwa wiki hakijawahi kutuharibia namba. Maziwa kikombe yana 220 hivi, mtindi nao vilevile, kwa hiyo tunaweka kidogo kwenye chai na kuacha kunywa kwa bilauri. Dona kwa sembe? Sembe ina kidogo zaidi, ila tofauti inayonyonywa si kubwa ya kuvunjia nyumba.

Halafu uji wa lishe. Kila mgeni anayekuja kumwona mgonjwa analeta kilo mbili: ulezi, soya, karanga, mchele, pengine unga wa dagaa. Umesagwa kwa upendo na haumfai. Pokea, shukuru, wape watoto.

Siku yetu ya kawaida iko hivi. Asubuhi chai ya rangi, chapati, yai na ute. Mchana wali, sato kipande cha gramu 100, mchicha uliochemshwa ukamwagwa maji. Usiku sembe, nyama iliyochemshwa, kabichi. Fosforasi inakuja kama 850, protini inapita 70.

Hatua ya sita: usiiibie mashine muda

Fosfeti nyingi imejificha ndani ya seli na mifupa, hutoka polepole kuifuata damu. Kwa hiyo mashine haiwezi kuiharakisha, kinachohesabika ni muda. Kwenye kituo cha dayalisisi cha Tassin, Ufaransa, kilichojulikana kwa vipindi vya saa nane, wagonjwa wengi walihitaji dawa chache za kunasa fosfeti. Sisi tuna saa nne, na watu wanaomba watolewe saa tatu na nusu ili wawahi daladala. Nusu saa mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ni zaidi ya vipindi kumi na viwili ulivyovilipia na hukuvipata. Kama ni maumivu ya misuli au presha kushuka, mwambie muuguzi apunguze kasi ya kuvuta maji, usikate muda.

Hatua ya saba: ikigoma kushuka

Vidonge viko mahali pake, soda imeachwa, muda umetimia, na bado iko 2.3. Peleka daftari kwa daktari, na tazameni PTH pamoja. Ikiwa juu sana, mifupa yenyewe inamomonyoka na kumwaga fosfeti damuni, na hapo hata mgonjwa akila wali mtupu haitashuka. Tiba yake ni nyingine: dawa za kutuliza tezi hizo za paratiroidi, wakati mwingine upasuaji. Angalieni pia vitamini D ya dawa, alfakalsidoli au kalsitrioli, maana huongeza unyonyaji wa fosfeti na kalsiamu kwa pamoja. Kalsiamu ikiwa juu, uliza kuhusu kuhama kutoka vidonge vya kalsiamu kwenda sevelama, na kuhusu kiwango cha kalsiamu kwenye maji ya mashine. Sevelama ni ghali, ndiyo. Uliza bima kwa maandishi, na daktari aandike sababu.

Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua ukilala chali, moyo kudunda ovyo, au kidonda cha ngozi chenye maumivu makali kinachoanza kuwa cheusi: usingoje siku ya mashine, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku za shughuli

Mfungo wa Ramadhani ni wa kuamuliwa na daktari, lakini kwa aliyeruhusiwa, vidonge vinahamia futari na daku. Msibani na harusini tatizo ni kwamba chakula hakina saa. Baba mdogo anabeba vidonge viwili kwenye kikopo kidogo mfuko wa juu wa kanzu. Juzi kwenye harusi ya Muheza pilau ilichelewa hadi saa kumi jioni. Sinia liliposhuka, kabla hajanawa mikono, mkewe akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: “Baba Salma, kikopo!” Ukumbi mzima ukageuka. Akakitoa, akakiinua juu wakione, akatafuna.